Niliitwa kupima mafowadi na namba kumi wa chuo, nikaokolewa na koti langu

Wakuu, poleni na baridi wote mlio ukanda wetu huu. Wa Dar nyie endeleeni kujipepea.

Leo siji kubishana kuhusu timu zenu za Kariakoo, pumzikeni kidogo. Nina kisa changu mwenyewe, kimetokea msimu huu huu wa baridi, na sitakiongezea chumvi hata punje. Jina la chuo nalificha kwa sababu vijana bado wanasoma pale, na majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Humu ndani mnanijua kwa uchambuzi. Mechi ikiisha tu, mimi huyo na uzi: fulani amekabia macho, fulani kapoteza umbo. Ila kazi inayoniweka mjini ni kufundisha udereva. Naishi Moshono, hapa Arusha, asili yangu Shinyanga, sehemu tambarare ambayo mtoto ukimtuma dukani unamwona anavyokwenda mpaka anavyorudi.

Sasa kuna jamaa yangu naomba tumwite Kocha Massawe. Ni Mchaga wa Machame, Mlutheri asiyekosa ibada, anafundisha uhasibu kwenye chuo kimoja upande wa Tengeru na jioni anafundisha timu ya mpira ya chuo hicho. Tulifahamiana alipokuja kujifunza gari kwangu.

Alikuwa mwanafunzi mgumu, acheni tu. Namwambia kata kulia, ananiuliza, "Huku juu?" Namwambia mwalimu, kulia ni kulia, mambo ya juu na chini tuwaachie marubani. Alicheka, akapata leseni, tukawa marafiki.

Hicho kipande kishikeni, tutakirudia.

Basi siku moja akanipigia simu. "Wewe si kila siku unachambua mitandaoni? Njoo unichambulie hawa wangu tuone kama unajua kweli."

Shida yake ilikuwa hivi. Ligi ya vyuo inakaribia. Msimu huu amepata mafowadi wapya wazuri, na namba kumi amempandisha kutoka benchi. Mmoja mmoja wote wanaonekana wachezaji. Ukiwaweka pamoja, goli halipatikani. Alitaka mtu wa nje amwambie jambo moja: mafowadi hawajui kupokea, au namba kumi hajui kuwapa?

Nikavaa koti langu la kaki, lile lenye mifuko mingi kama la wataalamu, nikawasha gari la shule ya udereva nikaenda.

Uwanja wao uko pazuri. Upande mmoja wa mstari mrefu unautazama Mlima Meru, upande wa pili unasikia malori ya barabara ya Moshi. Goli la upande wa mjini mlingoti wake ulikuwa umevunjika, kwa hiyo mazoezi yote ya kushambulia walikuwa wanaelekea goli moja tu, la upande wa Moshi. Mkielekea hivyo, mlima unakuwa kushoto kwenu na barabara kulia.

Vijana wakaja kunisalimia. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba, ingawa iliniuma. Mimi nilijiona bado wa rika lao.

Sasa niwape wahusika, hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Mshambuliaji wa kati ni Sadiki, mtoto wa Tandika. Mwili nyumba, maneno mengi. Akilipa goli mgongo na beki akamlalia, habanduki. Mpira ukija kifuani unatulia kama umewekwa mezani.

Winga wa kushoto ni Lomayani, Mwarusha wa kule nyuma ya Ilboru. Mrefu, miguu mirefu, hana haraka na maisha. Anagusa mpira mara moja na ameshajua anaupeleka wapi. Hasemi sana.

Winga wa kulia ni Imran. Familia yao ni Wahindi Waislamu wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, babu yake alizaliwa hapa hapa Arusha. Huyu dogo anakimbia, wakuu! Hana mambo mengi ya miguuni, yeye anataka mpira upite juu ya kichwa cha beki udondoke nyuma, halafu mbio ziamue. Winga wa namna hiyo ukimtilia mpira wa hewani, beki anaomba kutoka.

Na namba kumi mwenyewe ni Elibariki, Mmeru. Mwembamba, mpole, macho yanazunguka kama ya mtu aliyepoteza kitu. Miguu yote miwili inafanya kazi. Nikamuuliza, dogo unatokea wapi?

"Kikatiti, mwalimu, ila juu. Kwetu ni juu ya kanisa."

Nikamtania, "Mnalala kwenye bati au ndani ya kengele?"

Alitabasamu kwa adabu tu. Nikajua utani haujafika, nikaendelea na kazi.

Kocha aliniambia habari zake pembeni. Elibariki amekaa benchi tangu aingie chuoni, na huu ndiyo mwaka wake wa mwisho. Mama yake anauza ndizi soko la Maji ya Chai, na ameshawatangazia wateja wote kwamba mwanawe ndiye namba kumi wa chuo. Kwa hiyo, wakuu, nilichokuwa napima siku ile hakikuwa pasi peke yake.

Mazoezi yakaanza. Nikakunja mikono kifuani kama mtaalamu wa kulipwa.

Dakika za mwanzo tu nikaona ajabu. Imran anachomoka kulia, mkono hewani, anapiga kelele, "Juu! Juu!" Beki ameachwa, nyuma kuna shamba zima. Elibariki anainua kichwa, anamwona kabisa, halafu anageuka anampa Lomayani kushoto.

Mara nyingine tena. Imran, "Juu!" Mpira kwa Lomayani.

Sadiki naye anajipanga katikati, anataka mpira wa kutambaa uje mguuni. "Chini, chini!" Elibariki anaupiga unakwenda kulia, pembeni kabisa kwenye mstari wa barabarani. Sadiki anaukimbilia kama mtu anayefukuza kofia yake kwenye upepo.

Nikamuuliza kocha, huyu dogo anasikia vizuri?

"Anasikia sana," kocha akajibu. "Mimi nikimpigia kelele kutoka hapa anaelewa mara moja. Kuliko wote."

Ndiyo hapo nilipopotea mazima. Anasikia, anaona, ana mguu, na bado mpira unamfikia mtu mmoja, ambaye ni mtoto wa mlimani mwenzake. Nyie mngesema nini? Mimi nikaanza kuunda jibu kichwani, na jibu lenyewe halikuwa zuri.

Kesho yake wakapata mechi ya kirafiki na timu ya bodaboda wa Kikatiti. Wale jamaa hawana mazoezi wala jezi zinazofanana, ila wanakaba kama wanadai nauli. Goli bovu likafungwa mti wa mkaratusi, likawa goli.

Kipindi cha kwanza chuo wakaelekea Moshi, na mambo yakawa yale yale. Imran aliita mpaka sauti ikakauka. Kuna wakati alibaki peke yake na kipa, akaita "Juu!" kwa kupasua koo, na Elibariki akampa Lomayani aliyezungukwa na bodaboda watupu. Mpira ukapokwa, wakaja upande wetu, wakafunga.

Mapumziko vijana wakakaa kwenye nyasi. Imran hakukaa.

"Semeni tu ukweli," alisema, anamtazama Elibariki. "Mhindi hapewi mpira. Nimekaa Arusha maisha yangu yote, nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa. Nikija uwanjani bado mgeni. Semeni tu nijue, nikae nyumbani."

Ilinichoma. Nilijua hayo maneno hayakuanza siku hiyo.

Elibariki alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. "Imran, mimi nakupelekea pale pale unaponiambia."

"Unanipelekea mimi?"

"Kila unachoniomba nakifanya. Sijakukatalia hata mara moja."

Sadiki akacheka kwa uchungu, akasema huyu jamaa ana dharau sana. Kila mtu akaona ni kiburi. Hata mimi nikaona ni kiburi, tena kile kibaya cha watu wapole.

Kipindi cha pili wakabadilishana magoli, chuo wakaelekea upande wa mjini. Na hapo, wakuu, muujiza. Imran anaita "Juu!" na mpira unamfuata. Kila akiita, anao. Haukuja wa hewani kama anavyotaka, ulikuja wa chini chini, ila ulikuja. Wakasawazisha, yeye mwenyewe ndiye aliyetia krosi.

Mchambuzi wenu nikapata maelezo hapo hapo. Nikamwambia kocha kwa sauti ya redioni, "Umeona? Dogo ameambiwa ukweli, ameona aibu, anajisafisha. Hii ni saikolojia."

Mnanicheka? Chekeni, mna haki.

Mechi ikaisha sare. Kocha akanivuta pembeni, akaniuliza hukumu yangu, maana jioni ile ile alikuwa anawatangazia vijana kikosi cha kwanza kabla hawajaondoka uwanjani. Nikamwambia bila kumung'unya maneno: mafowadi wako wazima wote watatu, wanapokea vizuri. Namba kumi mtoe. Ana kipaji ila ana ubaguzi, na ubaguzi utakuvunjia timu.

Kocha alishika kiuno, akatazama chini muda mrefu. "Mama yake nitamwambia nini," alisema, zaidi akijiambia mwenyewe. Kisha akapuliza filimbi kuita vijana.

Manyunyu yakaanza. Nikakumbuka koti langu. Nilikuwa nimelivua wakati wa mechi, sijui niliweka wapi. Elibariki alikuwa karibu, anafungua viatu peke yake, hakuna aliyekaa naye.

"Dogo, umeniona na koti? La kaki."

"Lipo juu ya gari, mwalimu."

Nikaenda kwenye gari. Juu ya gari pana lile bango la shule ya udereva na matone ya mvua, basi. Nikazunguka. Nikachungulia chini ya gari kwa kukata tamaa. Hakuna koti.

Nikarudi nimevimba. Nikawaza, huyu mtoto ana jeuri kweli, mpaka mimi niliyekuja kumsaidia ananichezea shere.

"Dogo, juu ya gari hakuna kitu."

Akanitazama kwa huruma, hivyo hivyo kama unavyomtazama mzee aliyesahau miwani usoni. Akainuka peku, akapita gari, akaenda mpaka kwenye ua wa michongoma upande wa mlimani, akalitoa koti langu lilipokuwa limening'inia. Akaniletea.

"Si nilikuambia, mwalimu? Juu ya gari."

Wakuu, nilisimama na koti mkononi mvua inaninyeshea na sikulivaa.

Juu ya gari. Juu ya kanisa. "Huku juu?" Massawe na usukani wangu.

Nikamuuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Elibariki. Imran akikuambia juu, wewe unapeleka wapi?"

Akanyoosha mkono kuelekea Meru bila hata kugeuza kichwa. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na wingu, hauonekani hata kidogo.

"Juu," akasema. "Kwa Lomayani."

"Na Sadiki akisema chini?"

Akanyoosha mkono wa pili, barabarani.

"Na mpira wa hewani, huko kwenu mnauitaje?"

"Tunasema inua."

Nilikimbia. Mtu mzima, tumbo mbele, koti linapepea, nilikimbia kumwahi kocha kama nimeona gari langu linavutwa. Alikuwa ameshaanza kutaja majina, amefika kwa mabeki. Nikamshika mkono nikamwambia mwalimu, subiri, naomba nifanye jaribio dogo.

Nikawapanga vijana wote. Nikasema fumbeni macho. Wewe pia kocha, fumba. Sasa kila mtu anyooshe kidole juu.

Laiti mngekuwepo. Nusu ya timu vidole vinatazama angani, na nusu nyingine vidole vinatazama Mlima Meru, vimenyooka vyote sehemu moja kama vimevutwa na kamba. Sadiki angani. Imran angani. Elibariki mlimani. Lomayani mlimani. Na Kocha Massawe, msomi wetu wa uhasibu, mlimani, tena kwa mkono wote.

"Fumbueni macho."

Kila mtu akatazama kidole cha mwenzake. Kisha kocha akaniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, "Sasa juu ni wapi pengine, kama si mlimani?"

Hapo kicheko kikalipuka. Sadiki alilala kwenye nyasi. Anasema, "Yaani mimi muda wote nikiomba mpira mguuni, huyu ananitumia barabarani nikapande basi!"

Elibariki peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu kichwani, unaona kabisa mambo yanajipanga upya. Akamgeukia Imran.

"Kwa hiyo ulikuwa unautaka mwenyewe?"

"Niliutaka mwenyewe, ndiyo!"

"Mimi nilijua una roho nzuri sana," Elibariki akasema. "Kila ukikaa pazuri, unaniambia nimpe Lomayani. Nilimwambia mpaka mama, kuna Imran pale timuni, kijana hana choyo kabisa."

Imran alianza kucheka, kicheko kikamkatikia katikati. Akafuta uso na jezi. Sijui ilikuwa mvua.

"Na mimi jana nilimwambia baba kwamba kuna jamaa pale ananichukia," alisema. "Nikifika nyumbani nitaanzia wapi sasa?"

Wakapeana mikono, halafu Imran akamvuta akamkumbatia kabisa. Mimi nikavaa koti langu ili nipate kitu cha kufanya.

Kocha akamalizia kutaja kikosi. Kwenye namba kumi alilitamka jina la Elibariki na la baba yake na la ukoo.

Vijana wakakubaliana maneno mapya jioni ile. Mpira wa kupita kichwani ni "hewa". Wa kutambaa ni "majani". Upande wa kushoto na kulia nikapendekeza tutumie kushoto na kulia, kitaalamu, kama kwenye leseni. Walinizomea. Wakachagua "mlima" na "lami".

Sasa nimalizie na hili, ndilo lililonifanya niandike.

Mechi yao ya kwanza ya ligi ilikuwa ugenini, mkoa ambao siutaji, ila ni tambarare kama kwetu. Nilikwenda nao. Elibariki alishuka kwenye basi, akageuka upande huu, akageuka upande ule. Hakuna mlima. Ni anga na vichaka mpaka macho yanachoka. Kijana amekulia kwenye mteremko, hajawahi kusimama mahali ambapo juu haipo. Timu zinaingia uwanjani, yeye bado anazunguka katikati na macho yale ya kupoteza kitu.

Nikamsikia anamwambia Imran, "Sasa huku mlima uko wapi?"

Imran akamshika mabega, akamgeuza mpaka wakatazamana, akajipiga kifua.

"Leo mlima ni mimi."

Na kipindi cha kwanza hakijafika mbali, "hewa!" ikasikika kutoka kulia, Elibariki hakuinua hata kichwa. Mpira ulipita juu ya beki, juu kabisa, juu ile ya angani tunayoijua mimi na nyie, ukadondoka mbele ya Imran naye akaumaliza. Baadaye tulirudishiwa, ikaisha sare. Lakini njia nzima ya kurudi wale wawili walikaa kiti kimoja, na simu ikapigwa Maji ya Chai kumpa mama habari, na mama akaomba azungumze na yule asiye na choyo.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo tu. Kabla sijamwita mtu mbaguzi au kiburi, siku hizi namuuliza kwanza neno lile kwake lina maana gani. Ningemuuliza Elibariki swali moja siku ya kwanza, Imran asingebeba lile donge mpaka kwao. Uchambuzi sijaacha, msijidanganye. Ila sasa nauliza maswali mengi kuliko zamani, na wanafunzi wangu wa gari nawaelekeza kwa majina ya maduka.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Lushoto, wa Mbeya, wa Kibosho, na nyie wa tambarare wenzangu: mkifumba macho hapo mlipo sasa hivi mkaambiwa mnyooshe kidole juu, kinaelekea wapi?